Mistari ya Mama Alphonsine Niliyoikata kwa Kalamu Nyekundu

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi kutoka hapa Bunia. Mlioko Mbunya, mlioko Shari, mlioko kambini chini ya maturubai, nanyi mlio mbali kule Nia-Nia mnaosubiri barabara ikauke, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka mshairi. Jina lake ni Alphonsine Lotsove. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Alphonsine Lotsove. Naomba mlishike vizuri jina hilo. Siku ya mazishi yake, mheshimiwa mmoja alisimama mbele ya jeneza, akashika maikrofoni dakika arobaini, akamwita Albertine.

Albertine. Mara tatu. Mara ya tatu hata wachimba kaburi waliangaliana.

Tutafika kwa mheshimiwa huyo. Tuanze na mwenye siku yake.

Mama Alphonsine alifariki wiki tatu zilizopita, baada ya ugonjwa wa siku nne. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Wengi wenu hamkumjua kwa uso. Lakini kama mmewahi kusikiliza redio hii saa ya komunike, kazi yake imepita masikioni mwenu. Komunike, hapa kwetu, ni lile tangazo ambalo familia inaleta redioni: fulani amefariki, mtoto amepotea, mbuzi hajarudi. Tangu mwaka 2018, karibu nusu ya komunike mlizozisikia hapa ziliandikwa na mkono mmoja. Ulikuwa mkono wa Alphonsine, ameketi nje ya lango letu, mbele ya ubao uliolazwa juu ya bidoni mbili za maji.

Alifika hivi. Mwaka huo wa 2018 alikimbia vita kutoka Djugu na binti yake Ketsia, aliyekuwa na miaka kumi na miwili. Mume wake, Adolphe Ngabu, walipotezana naye njiani katikati ya watu wengi. Akaja langoni kuleta komunike ya kumtafuta. Aliyekuwa akiwaandikia watu hakuwepo siku hiyo. Alphonsine akaomba kalamu, akaandika mwenyewe. Mama aliyekuwa nyuma yake akachungulia.

"Eh, weye unajua kuandika! Niandikie na yangu, dada."

Akamwandikia. Wa tatu naye akaomba. Hadi saa ya kufunga lango alikuwa bado amesimama, anaandika akiwa ameegemeza karatasi ukutani. Isidore, mlinzi wetu, akamletea kiti. Kilikuwa kiti cha Isidore mwenyewe, wapendwa, na hakukirudisha tena. Kwa miaka saba mlinzi wetu amelinda lango akiwa amesimama, au ameketi juu ya jiwe. Nikimwuliza mimi bibi yenu, anasema: "Koko Gertrude, mulinzi akikaa muzuri sana, analala." Siku ya mazishi zilitajwa kamati nne na wageni wa heshima kumi na saba. Isidore hakutajwa. Mimi namtaja.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, mnajua komunike ya kifo inavyokwenda. Familia fulani ina huzuni ya kuwatangazia kifo cha fulani. Matanga yako mahali fulani. Mazishi ni siku fulani. Halafu, mwishoni, yanakuja majina: habari imfikie fulani aliyeko Mambasa, habari imfikie fulani aliyeko Mongbwalu. Bila majina hayo ya mwisho, komunike ni kelele tu inayopita. Hiyo ndiyo desturi yetu, na Alphonsine aliifuata yote. Lakini kabla ya kufika kwenye "habari imfikie", aliongeza mstari mmoja wa kwake. Alikuwa anamwuliza mfiwa swali moja:

"Alikuwa anafanya nini yenye mutu mwingine hafanyi?"

Kisha ananyamaza. Mtu akilia, anangoja. Mtu akikosa jibu, anangoja. Jibu likija, anaandika mstari mmoja, miwili ikizidi.

Na mimi niliyekuwa nasoma nilikuwa na dakika kumi. Komunike kumi na tano, dakika kumi. Basi kila asubuhi nilipitia karatasi nikiwa na kalamu nyekundu, nikakata maneno ya ziada. Machoni pangu mstari wa Alphonsine ulikuwa maneno ya ziada. Nilikata. Miaka mitano nilikata. Nayasema haya mapema, ili nikianza kuwadharau wengine msidhani nimejisahau.

Mwaka 2020 aliokotwa mtoto wa kike karibu na soko. Alikuwa na miaka mitatu hivi. Mama mmoja muuza ndizi alimchukua, akamlisha, akamwogesha, akaja kwa Alphonsine waandike komunike. Nikaisoma siku tatu: mtoto wa kike, gauni la njano, hajui jina la baba. Hakuja mtu. Siku ya nne Alphonsine aliingia ndani ya ofisi yetu kwa mara ya kwanza. Alivua viatu mlangoni.

"Mama, samahani. Ile komunike ya mutoto. Usome na kuku."

"Kuku gani tena?"

"Iko pale chini. Umeikata."

Nikatafuta karatasi. Chini ya wino wangu mwekundu kulikuwa kumeandikwa hivi: *Hajui jina ya baba yake. Anajua jina ya kuku yao: Malkia. Mwenye iko na kuku anaitwa Malkia, mutoto yako iko analia juu ya kuku.*

Nikausoma. Kabla ya saa sita mchana mama wa mtoto alifika kutoka Mbunya akikimbia, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Magauni ya njano ni mengi katika mji huu. Malkia alikuwa mmoja.

Mtu mwenye akili angetupa kalamu yake siku hiyo. Mimi nilisema ni bahati ya kuku. Kesho yake nikaendelea kukata.

Mwaka uliofuata, Ketsia alimsukuma mama yake apeleke mashairi yake kwa wakubwa. Maana alikuwa nayo. Clarisse, mama wa fotokopi aliye kando ya barabara yetu, alikuwa anamwekea karatasi zilizoharibika upande mmoja. Hakumwambia kwamba anamwekea. Aliziacha tu juu ya ubao na jiwe juu yake, upepo usizibebe. Alphonsine aliandika kwenye upande mweupe, na yaliyompendeza akayanakili kwenye daftari. Zilikuwa daftari tatu.

Wakubwa wenyewe ni watu wa kile kikundi kinachojiita Duara ya Kalamu. Hukutana kila mwezi kusomeana mashairi. Rais wao ni Papa Blanchard, yule mheshimiwa wa dakika arobaini, mshairi, mwenye kitabu kimoja. Nimekisoma kitabu hicho. Nilikisoma chote, kwa sababu nililelewa nimalize chakula nilichopewa. Kuna shairi ndani yake linaloita jua mara kumi na moja, na jua halikuja. Nakala nyingine ziko nyumbani kwake, zimepangwa vizuri, hakuna anayezisumbua.

Papa Blanchard alipokea karatasi za Alphonsine kwa vidole viwili. Ketsia alikuwepo. Maneno haya ni yake.

"Mama, hii umeleta iko nini?"

"Ni mashairi, papa."

"Hapana. Hii iko komunike. Na hii Kiswahili iko ya wapi? Ya kuuzisha makala ya kupikia? Poezi inataka Kifaransa, mama. Inataka hewa!"

"Hewa iko, papa," Alphonsine akamjibu. "Inasomwaka kwa redio."

Duara yote ikacheka. Watu kumi na wawili waliosoma, walioketi kwenye viti vyenye mito, walimcheka mama aliyekuja kwa miguu kutoka Shari. Mmoja alimwuliza kama anaweza kuwaandikia komunike ya pikipiki yake iliyoibwa. Alphonsine akamwuliza: "Inafanyaka nini yenye pikipiki ingine haifanyi?" Walicheka tena. Hawakujua kwamba lile lilikuwa swali la kweli, na kwamba alikuwa tayari kungoja jibu.

Na mstari aliousema kwamba unasomwa redioni, mimi ndiye niliyekuwa naukata. Alinitetea mbele yao, nami sikustahili.

Wiki chache baadaye ikaja komunike ya mbuzi. Hiyo sikuikata, maana ilinichekesha, nikaisoma yote: *Mbuzi mweusi amepotea. Sikio ya kushoto imekatika. Anaitwa Prezida, na akiitwa anageuka. Mwenye kumuona asimucheke, amezoea heshima.* Mbuzi alipatikana siku ileile. Kesho yake ikaja barua ya Papa Blanchard. Kurasa mbili za Kifaransa, na mhuri. Alisema redio inamtukana rais wa Duara. Nikamwita Alphonsine.

"Ulitaka kumuchokoza?"

"Hapana, mama. Mbuzi mwenyewe anaitwa vile. Mi nilimuuliza mwenye mbuzi, akanijibu. Sikujua muheshimiwa naye anageukaka."

Barua hiyo ninayo mpaka leo. Ndiyo kazi yake iliyonifurahisha kuliko zote.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyokuja kumwelewa Alphonsine, maana si kwa busara yangu. Ilikuwa mwaka 2023. Asubuhi moja kalamu yangu nyekundu iliisha wino. Ndiyo sababu yote. Dakika zilikuwa zimefika, nikasoma karatasi kama zilivyoandikwa. Kati yake ilikuwepo komunike ya fundi wa matofali anayeitwa Gustave.

Baada ya siku sita lori likasimama langoni, limejaa tope mpaka kwenye vioo. Akashuka dereva, mwanaume mzima mwenye mabega mapana, jina lake Rodrigue. Alikuwa Nia-Nia, lori limekwama kwenye foleni ya matope, aliposikia redioni kwamba mdogo wake Gustave amefariki. Alikosa mazishi. Lakini hakuja kulalamika.

"Ni weye mama mwenye ulisoma komunike ya ndugu yangu?"

"Ni mimi. Pole sana, baba."

"Aksanti. Mi nataka ile karatasi."

"Karatasi ya komunike? Familia inayo, baba. Nakala yenye mhuri inabakia kwa familia."

"Wananinyima. Mama yangu anaiweka ndani ya Biblia, hataki mutu aiguse. Nisomee tena tu. Ile ya mulango."

Nikaitafuta kwenye nakala zetu, nikamsomea: *Gustave alikuwa anakohoa mara moja ku mulango, mbele ya kuingia. Tangu juzi tunasikiliza mulango.*

Rodrigue akasimama pale na kofia yake mkononi. "Alikuwa anakohoa vile tangu mutoto," akasema. "Mi nilikuwa namucheka. Ata mi mwenyewe nilisahau. Huyu mwenye aliandika, alimujua wapi?"

"Hakumjua."

"Hakumujua?" Akaangalia nje, ambako Alphonsine alikuwa ameinama juu ya ubao wake na mbele yake ameketi kikongwe mmoja. "Madereva tulikuwa makumi mawili pale Nia-Nia. Ulipomaliza kusoma, hakuna mwenye aliongea. Hii batu unaionaka, mama? Batu ya lori, watu ya kelele! Walinyamaza."

Ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimesoma shairi. Madereva ishirini kwenye matope walilijua shairi waliposikia, bila kiti chenye mto. Mimi nilingoja mpaka dereva aje aniambie.

Nilitoka nje kumwuliza Alphonsine kwa nini hakuwahi kunilaumu. Alinisogezea kiti cha Isidore nikae. Akasema: "Weye ulikuwa na dakika kumi, mama. Mi nilijua siku moja kalamu itaisha."

Kuanzia hapo sikukata tena mstari wake hata mmoja. Kuna ule wa mama aliyefia kambini: *Alikimbia na funguo ya nyumba. Nyumba iliungua. Tunamuzika na funguo, pengine kule iko mulango.* Kuna ule wa mwalimu mzee: *Alikuwa anafuta ubao polepole, sababu ya wenye bado wanaandika.* Watu walianza kuja langoni si kwa sababu ya msiba bali kusikiliza tu. Mlikuwa mnaandika mistari hiyo kwenye kuta za vibanda vyenu. Ninyi mlimgundua, wasikilizaji. Ninyi na madereva.

Papa Blanchard alimgundua baadaye. Mwaka jana mgeni mmoja kutoka Kisangani, mtu wa vitabu, alisikia komunike hotelini, akauliza kwenye mkutano wa Duara: nani anaandika haya? Basi rais akamgundua Alphonsine, kama mtu anavyougundua mti wa uani kwake siku jirani anapotaka kuununua. Akaanza kumwita dada yetu. Hakwenda kumwona. Lakini alimwita dada yetu, na kila mara alikuwa na maikrofoni mkononi.

Alipofariki, Duara waliwahi kufika kabla ya ndugu. Walikuja na maturubai, na vipaza sauti, na fulana zilizochapwa. Kwenye fulana kulikuwa na picha mbili. Picha ya Alphonsine ilikuwa upande wa kushoto. Picha ya Papa Blanchard ilikuwa upande wa kulia, na ilikuwa kubwa zaidi. Siku tatu mfululizo mama mmoja kutoka kambini aliosha vyombo vya matanga nyuma ya nyumba. Nilimwuliza jina, akasema: "Acha, koko. Aliniandikia ya mume wangu." Hakupewa fulana.

Na komunike ya kifo cha Alphonsine, yeye aliyewaandikia komunike mamia ya watu, iliandikwa na Duara. Ilikuwa imepigwa kwa mashine, na ilikuwa ndefu. Jina la rais lilikuwemo mara sita. Jina la marehemu mara mbili. Habari imfikie mheshimiwa huyu, habari imfikie mheshimiwa yule. Mstari wa katikati haukuwepo. Hakuna aliyemwuliza Ketsia swali. Na mimi, wasikilizaji, niliisoma yote. Mimi niliyekuwa na kalamu kwa ajili ya maskini, siku ile sikukata hata koma.

Baada ya mazishi, Papa Blanchard aliziomba zile daftari tatu. Mbele ya watu, binti yuko kwenye mkeka wa msiba, atakataaje?

"Kiswahili ya mama yako iko na makosa mingi," alimwambia. "Tutaisafisha, tutaiweka mu Kifaransa, itakuwa kitabu. Jina yangu itakuwa mbele sababu mi njo mwenye nitasahihisha. Jina ya mama itakuwa ndani."

"Papa," Ketsia akasema, "mama yangu hakukuwa sufuria."

Lakini daftari zilikwenda.

Wiki iliyopita Ketsia alikuja kwangu. Ana miaka kumi na tisa sasa, ni fundi wa kushona, na anaketi kama mama yake, ameinama kidogo.

"Koko, nimeenda kuomba kaye za mama, zile daftari, mara tatu. Mara ya kwanza wanasema prezida iko anakula. Mara ya pili iko analala. Mara ya tatu ametoka yeye mwenyewe, ananiambia nirudi na mwanaume ya familia, yeye haongeaka na batoto. Koko, mwanaume ya familia njo papa, ule tunatafuta tangu 2018."

Nikamchukua mkono, tukaenda kwenye chumba cha nyuma ambako tunaweka makaratasi ya zamani. Komunike ziko huko, katika katoni, zile zilizosalimika na panya na mvua. Hatutupi, ni sheria ya redio. Nilitaka kumpa chochote chenye mwandiko wa mama yake. Tukafungua katoni ya kwanza, ya 2018.

Karatasi ya juu ilikuwa ile ya siku ya kwanza kabisa, aliyoiandika akiwa amesimama. *Alphonsine Lotsove na mutoto yake Ketsia wanamutafuta Adolphe Ngabu.* Chini yake kulikuwa na mstari mmoja, na juu ya mstari huo, kalamu yangu. Tukafungua 2019. Alileta komunike hiyohiyo, tarehe ileile, mstari uleule. Nilikuwa nimeukata. 2020, nimeukata. 2021, nimeukata. 2022, nimeukata. Mwaka 2023, kalamu ilipoisha wino, alikuwa ameshaacha kuileta.

Wasikilizaji wapendwa, niliita jina la Adolphe Ngabu kwenye redio hii mara tano. Wanaume wenye jina hilo ni wengi Ituri. Jambo moja lililomtenga na wengine wote, sikuwaambia. Malkia alikuwa ameshanifundisha, nami sikujifunza. Sijui kama kuna mtu angemtambua. Sitajua. Papa Blanchard alimcheka mara moja, kwa dakika chache. Mimi nilimkata miaka mitano, kwa upole, kila siku baada ya kunywa chai. Pimeni wenyewe nani astahili dharau zaidi. Mimi nimeshapima.

Ketsia aliisoma ile mitano yote. Hakulia. Akainyanyua karatasi moja mbele ya dirisha.

"Koko, inasomeka."

"Nini?"

"Wino yako. Haifichi kitu. Inasomeka yote."

Kweli ilisomeka. Wino mwekundu ni wa dharau tu, hauna nguvu ya kufuta. Basi tangu siku hiyo tunanakili. Isidore ametuletea benchi, na safari hii nimemlazimisha aketi naye. Clarisse ameleta karatasi, na safari hii ni nyeupe pande zote mbili. Kila asubuhi, kabla ya komunike za siku, ninasoma mistari kumi niliyoikata.

Na ninyi mmeanza kuja. Jumatatu alikuja mama wa yule mtoto wa kuku, na nakala yake yenye mhuri imekunjwa mara nne. Mtoto ana miaka minane sasa. Nilimwuliza habari za Malkia. "Tulimukula Noeli," mtoto akasema. "Lakini wajukuu yake iko." Jumanne Rodrigue alipitia na lori. Mama yake amekubali kufungua Biblia kwa dakika tano, tunakili, tumrudishie mbele ya macho yake. Wenye nakala nyumbani, leteni. Hatutazichukua. Hatutazisafisha. Tutazinakili kama zilivyo, na Kiswahili chake cha kuuzia makala, na kitabu kitakuwa na jina moja mbele.

Jana Papa Blanchard alituma ujumbe. Anasema redio haina haki ya kusoma kazi ambayo bado haijasahihishwa. Papa, nakujibu hapa, mbele ya watu wote, kwa heshima ya umri wako. Kaa nazo hizo daftari. Zisafishe mpaka zing'ae. Kitabu chako kikitoka, nitakisoma chote kama nilivyosoma cha kwanza, nami nina hakika jua halitakuja. Ukichoka, Ketsia yuko Shari, njia unaijua, ulikuja na magari mawili. Usimwulize mwanaume wa familia.

Wasikilizaji wapendwa, kwako Ketsia, kwa ndugu wote wa familia ya Lotsove na ya Ngabu, walioko Djugu, walioko kambini, na walioko mahali tusipopajua, redio hii inatoa pole. Pole na kwako Isidore, uliyeutazama mgongo wake miaka saba. Mungu awafariji. Nanyi mnaosikiliza, nawaachia swali la Alphonsine. Msilitunze kwa ajili ya jeneza. Mwangalieni mtu aliyeketi karibu nanyi sasa hivi, anayekula au anayewaudhi, mjiulize: anafanya nini ambacho mtu mwingine hafanyi? Kama hamna jibu, ngojeni. Yeye alikuwa anangoja.

Na sasa komunike. Mazishi yameshapita, lakini familia imeomba isomwe upya, kwa sababu mara ya kwanza haikusomwa sawasawa. Ameiandika Ketsia, na ule mstari wa Adolphe nilioukata mara tano ameurudisha.

*Ketsia, mutoto ya pekee, iko na huzuni ya kutangaza kifo ya mama yake, Alphonsine Lotsove. Matanga ilifanyika Shari. Amezikwa hapa Bunia. Alikuwa anaandika ameinama, ili mwenye analia mbele yake asijue ameonekana. Habari imfikie Adolphe Ngabu, mume yake, kokote iko. Anatembeaka anaangalia chini, kama mutu anatafuta sindano yenye mutoto anaweza kukanyaga. Mwenye kumuona, amuambie ainue macho. Papa, mi niko.*

Mwisho wa komunike. Nimeisoma yote.